Kumtafuta Mtoto wa Miaka 12

Wazazi wengi wa usharika wetu hapa Mwanza humleta mtoto mbele ya kanisa mara mbili. Mara ya kwanza ni mchanga, amevikwa nguo nyeupe, anakuja kubatizwa. Mara ya pili ana miaka 12 au 13, anakuja kuandikishwa darasa la kipaimara. Kati ya siku hizo mbili amekuwa mtu mwingine. Sauti inakwaruza, viatu vya mwaka jana havimtoshi, majibu yake yamekuwa mafupi. Na mzazi anayemwandikisha mara nyingi hutuambia neno lilelile: "Mchungaji, huyu nimemleta kwenu. Mimi ameshanishinda."

Tunaposema "sisi" katika makala haya tunamaanisha kwanza watu wawili, mchungaji na mama mchungaji, ambao tuna mtoto wa darasa la sita nyumbani. Kisha tunamaanisha wazazi na walezi waliokubali kukaa nasi kila Alhamisi jioni, baada ya ibada ya jumuiya, kujifunza malezi ya watoto wa umri huu kwa kutumia masomo yaliyomo kwenye simu. Tunaandika ili tuwashirikishe wapendwa wenzetu yale tuliyoyaona, na kwa nini tunaamini kwamba jambo hili ni la imani.

Tuanze na hilo neno "ameshanishinda". Ni neno la vita. Anayelisema anaiona nyumba yake kama uwanja wenye pande mbili, na yeye yuko upande ulioshindwa. Biblia inatupa habari moja tu ya Bwana wetu akiwa katika umri wa watoto hawa, nayo haifanani na vita. Iko katika Luka 2:41-52. Yesu ana miaka 12. Wazazi wake wanatoka Yerusalemu baada ya Pasaka, wanatembea siku nzima wakidhani yumo katika msafara, pamoja na ndugu na majirani. Jioni wanamtafuta, hawamwoni. Wanarudi, na baada ya siku tatu wanamkuta hekaluni.

Yusufu na Mariamu hawakuwa wazembe. Walitegemea msafara, kama wazazi wetu walivyotegemea kijiji. Zamani mtoto akichelewa, shangazi alijua yuko wapi, na jirani angeweza kumuuliza na kumkanya. Leo wengi wetu tumehamia mjini. Baba anaondoka alfajiri na bajaji, mama anarudi usiku kutoka sokoni, jirani ni mpangaji aliyekuja mwezi uliopita. Sisi bado tunatembea tukidhani mtoto yumo katika msafara, kumbe msafara wenyewe umetawanyika.

Tazama wanavyofanya wazazi hawa wanapogundua hayupo. Wanarudi nyuma walikotoka. Mariamu, akimkuta, anamuuliza swali na kumweleza uchungu wao. Mtoto anajibu, na Luka anasema waziwazi kwamba hawakulielewa jibu lake. Hata hivyo wanashuka naye Nazareti, naye anawatii, na mama anayaweka mambo yote moyoni. Kurudi, kuuliza, kusikia jibu usilolielewa, na kulitunza. Hayo manne yametosha kuwa somo letu la mwaka mzima.

Masomo ya simu tuliyoyatumia yana historia yake. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo cha Oxford na cha Cape Town, walianzisha mpango unaoitwa Parenting for Lifelong Health, ili mafunzo ya malezi yazifikie familia zenye kipato kidogo bila malipo. Kwa wazazi wa vijana wadogo mafunzo yalijaribiwa kwanza ana kwa ana, vikao 14, katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Huko yaliitwa Sinovuyo, neno la Kixhosa lenye maana ya "tuna furaha". Yalipofika Tanzania yakaitwa Furaha. Corona ilipofunga milango mwaka 2020, ushauri uleule ulifupishwa katika kurasa zilizotafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100. Ikatengenezwa pia programu ya simu iitwayo ParentApp, ambayo ina toleo la Kiswahili. Mwanza yetu ni mahali ilipofanyiwa utafiti, kwa wazazi wenye watoto wa miaka 10 hadi 17. Ikishapakuliwa, inafanya kazi hata kama simu haina bando.

Sisi hatukuwa ndani ya utafiti huo. Tuliichukua kama chombo, kama tunavyochukua kitabu. Ndani yake mna masomo mafupi: kukaa na kijana mkiwa wawili tu, kumsifu anapofanya vema, kutulia unapokasirika, kuweka kanuni za nyumbani pamoja naye, kupanga bajeti ya familia, na kumlinda na watu wanaoweza kumdhuru.

Tulipolitangaza jambo hili kanisani, mzee mmoja wa kanisa alisimama baada ya ibada akasema, "Mchungaji, simu ndiyo iliyotupotezea watoto. Leo unataka simu hiyohiyo itufundishe kuwalea?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa zito, na tuliliheshimu.

Jibu letu tulilitoa katika historia ya kanisa letu wenyewe. Mwaka 1528 Martin Luther alitembelea sharika za Saksonia akakuta watu wa kawaida hawajui hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengi hawawezi kufundisha. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimu Ndogo. Sehemu zake zilitoka kwanza kama karatasi kubwa za kubandika ukutani. Na juu ya kila sehemu aliandika kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Kitabu ambacho leo watoto wetu wanakikariri kwa mwinjilisti siku ya Jumamosi kiliandikwa kwa ajili ya baba na mama, mezani kwao. Mashine ya kuchapa ilikuwa bado chombo kipya wakati huo, na kwa mashine hiyohiyo yalichapwa matusi na uongo mwingi. Luther aliitumia ili neno jema liingie nyumbani. Karatasi ya ukutani haikumlea mtoto yeyote. Ilimkumbusha mzazi kazi yake, na mzazi akaifanya. Tulimwambia mzee wetu kwamba kwa simu hatutaki zaidi ya hilo. Alitikisa kichwa, akasema atakuja kuona. Alikuja, akakaa karibu na mlango.

Kazi ya kwanza tuliyopeana ilikuwa ndogo hata ikatia aibu kuitangaza: dakika 15 kila siku pamoja na mtoto wako. Yeye ndiye anayechagua mnachofanya, wewe unamsikiliza. Humwulizi habari za mtihani wala humpi mawaidha.

Kwetu, mtoto alichagua kusafisha baiskeli. Siku nne baba na mwana walikaa uani wakisugua mnyororo kwa mswaki wa zamani bila maneno kumi kupita kati yao. Siku ya tano mtoto aliuliza bila kuinua macho, "Baba, ulipokuwa darasa la sita uliogopa nini?" Ni swali la mtoto mwenye hofu yake mwenyewe, na lilihitaji siku nne za kimya ili litoke.

Katika juma la pili mama mmoja wa kikundi aliuliza jambo lililotufikisha kwenye kiini. Binti yake alikuwa amevunja sahani kwa hasira na kumjibu bibi yake vibaya. Je, siku hiyo anastahili zile dakika 15? Wengine walisema hapana, azikose ili ajifunze. Tulijadiliana kwa muda mrefu. Mwishowe tulikubaliana kwamba kosa lina matokeo yake: binti ataomba radhi kwa bibi, na atasaidia kulipa sahani. Lakini zile dakika zisiwe zawadi ya tabia njema, na zisiondolewe kwa sababu ya tabia mbaya.

Sisi Walutheri tunapaswa kulielewa hilo haraka kuliko watu wote. Tunafundisha kwamba Mungu hatupokei kwa sababu ya matendo yetu. Tulibatizwa tukiwa wachanga, kabla ya kufanya neno lolote la kustahili. Tunalihubiri hilo madhabahuni, halafu mtoto anarudi nyumbani anakopendwa akipata alama nzuri na kununiwa akipata mbaya. Atalielewaje neno "neema" siku ya kipaimara, kama hajawahi kulionja mezani kwao? Dakika zisizolipiwa ni katekisimu isiyo na maandishi.

Bila shaka swali la fimbo lilikuja, na lililetwa na Biblia mkononi. Mithali 13:24. Hatukulikwepa. Darasani Makumira tulijifunza kwamba neno la Kiebrania linalotafsiriwa "fimbo" katika mstari huo ndilo linalotumika katika Zaburi ya 23 kwa gongo la Bwana aliye mchungaji wetu. Hapo Wasukuma wetu waliochunga ng'ombe utotoni walitufundisha kuliko kitabu chochote. Mchungaji anabeba fimbo kutwa nzima, anaelekeza nayo, anazuia nayo, anamfukuzia fisi. Mwenye kuitumia kuvunja miguu ya ng'ombe wake hafiki nao mtoni. Kisha tulisoma Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, ambako mtume anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa.

Luther mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba mama yake alimpiga hadi damu ikatoka kwa sababu ya kokwa moja, na kwamba baba yake aliwahi kumchapa kwa ukali hata mtoto akamkimbia, ikambidi baba amrudishe kwake taratibu. Hakusema fimbo itupwe. Alishauri kwamba tofaa lilale kando yake. Lakini tazama: miaka mingi ilikuwa imepita, ameshatikisa Ulaya nzima, na kile kipigo cha kokwa bado alikikumbuka.

Na sisi tukumbuke hali ya nchi yetu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Watoto hao ni wa nchi ambayo makanisa na misikiti hujaa kila juma.

Kuna jambo lingine katika utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2018 ambalo tulilisoma kwa kikundi kizima. Ulihusu familia 552 katika makazi 40. Baada ya mafunzo, wazazi walisema wamepunguza sana kipigo. Lakini watoto wenyewe walipoulizwa juu ya kipigo, majibu yao hayakuonyesha punguzo la wazi kama hilo. Mahali ambapo wazazi na watoto wote wawili walikubaliana ni hapa: wazazi walikuwa karibu zaidi na watoto wao, na waliwaangalia vizuri zaidi. Kimya kilitanda chumbani. Yule mzee wa kanisa aliyekaa karibu na mlango ndiye aliyekivunja: "Basi tusijiulize sisi kama tumebadilika. Tuwaulize wao." Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi mtoto ndiye anayemsemea mzazi wake mbele ya mwinjilisti, akipenda.

Tuseme sasa juu ya familia moja. Wametuambia tuandike, ila tusitaje majina. Binti yao ana miaka 13. Siku ya tisa ya zile dakika 15, wakichambua mchele, alimwambia mama yake kwamba kuna mtu mzima mwenye pikipiki anayemsubiri njiani kutoka shule. Amekuwa akimpa lifti na chipsi, sasa anataka kumpa simu, na amemwambia asimwambie mtu. Mama alisikia mikono yake imekufa ganzi. Lakini alikumbuka somo, akaendelea kuchambua mchele, akasema, "Ahsante kwa kuniambia. Endelea, mwanangu." Mtoto akaendelea.

Hofu ya mama ilikuwa kwa mumewe. Alikuja kwetu usiku huohuo, naye alisema, "Baba Mchungaji, akisikia atamuua mtoto." Tulikwenda pamoja naye. Baba alisikiliza akiwa amesimama. Mkono wake ulikwenda kwenye mkanda, wote tuliuona. Kisha akatoka nje, akasimama karibu na pipa la maji muda ambao kwetu ulikuwa mrefu sana. Aliporudi alimtazama binti yake, akamwuliza, "Umekula?" Mtoto akalia. Ndipo baba naye akakaa chini.

Asubuhi iliyofuata walikwenda, wote watatu, kwa afisa ustawi wa jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mambo mengine yako mikononi mwa sheria. Tunalolijua ni kwamba mtoto alisema kabla hajadhuriwa, na alisema kwa sababu kulikuwa na dakika ambazo hakuna mtu aliyekuwa akimhukumu. Mzazi asiyejua pa kuanzia aikumbuke namba 116, ni ya bure, ni ya kumsaidia mtoto.

Hatutaki mtu asome haya akadhani kila nyumba ilifika hapo. Kuna baba aliyeacha kikundi juma la tatu, akisema haya ni mambo ya Wazungu. Mwanawe wa miaka 14 aliondoka nyumbani. Tunasikia yuko Mwaloni, anabeba magunia ya dagaa. Tumemwendea mara tatu, mara moja tumemwona. Alitusalimia vizuri, "Shikamoo Mchungaji, shikamoo mama," akakataa kurudi. Baba yake sasa anakaa kiti cha nyuma kanisani na kutoka kabla ya baraka. Hao wawili tunawaombea kwa majina kila Alhamisi. Simu haina somo la kumfuata mtoto hadi Mwaloni. Kanisa linalo. Linaitwa kumwacha yule mmoja asiwe peke yake.

Tena si kila mlezi ana simu janja. Bibi mmoja anayelea wajukuu watatu ana simu ya kitochi tu. Alituambia, "Wanangu, mimi macho haya hata katekisimu nasomewa." Basi jirani yake akawa anakuja na simu yake, wanakaa mkekani, masomo yanasomwa kwa sauti. Baada ya mwezi walikuwa sita kwenye mkeka huo, na simu moja. Hapo tulielewa kwamba programu ilikuwa imetufanyia jambo ambalo waliotengeneza labda hawakuliandika popote: ilirudisha sehemu ya msafara. Safari hii mtoto akichelewa, kuna nyumba sita zinazojua jina lake.

Kwa hiyo tunawasihi wapendwa. Mzazi mwenye simu, pakua masomo haya na mwalike jirani asiye na simu. Wazee wa kanisa, tengeni saa moja ya jumuiya kwa ajili ya wazazi, kama mnavyotenga saa ya mnada. Wainjilisti, mnapoandikisha watoto wa kipaimara, mwandikisheni na mzazi. Mwambieni kwamba hajashindwa, na kwamba sisi sote tuko upande mmoja na mtoto wake.

Na wewe ambaye mwanao hajakujibu leo, usisubiri akujibu ndipo ukae naye. Mungu hakutusubiri sisi. Leo jioni mwulize anataka mfanye nini kwa dakika 15. Akisema "sijui", kaa naye katika hiyo sijui yake. Mariamu hakulielewa jibu la mwanawe, akashuka naye Nazareti vivyo hivyo, na Luka anatuambia kwamba mtoto yule aliendelea kukua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu.

Bwana awatunze watoto wetu wanapotoka na wanapoingia, na atupe sisi masikio. Amina.